Injini Iliyokunywa Chai ya Kwaya

"Tazameni mikono yangu! Itazameni jamani, imerefuka! Nimepiga kasia mpaka nimekuwa kama sokwe wa Gombe, sasa hivi najikuna goti bila kuinama! Na yote haya kwa ajili ya hilo chuma la marehemu!"

Huyo alikuwa Erasto, kasimama ndani ya maji pale mwaloni Kibirizi, suruali yake ya kitambaa imelowa mpaka mapajani, viatu kavishika mkononi juu kama mtoto asiyetaka kunyang'anywa maandazi. Nyuma yake boti ilikuwa imerudishwa ufukweni kwa makasia, imejaa abiria walionuna, kreti za soda, magodoro mawili na mbuzi mmoja ambaye ndiye pekee hakuwa na lawama.

"Hujapiga kasia wewe," sauti ikajibu kutoka ndani ya boti. "Umeshika kasia. Waliopiga ni abiria."

Mwenye sauti hakuonekana uso. Kilichoonekana ni kitenge kilichofungwa kiunoni juu ya suruali ya kazi, na nyayo mbili nyeusi kwa oili. Kichwa na mabega vilikuwa vimezama ndani ya sanduku la injini. Ndiye Leonia huyo, mdogo wake Erasto wa tumbo moja, na ndiye nahodha, fundi na wakili wa hilo chuma.

"Leonia, mimi ni kaka yako mkubwa! Usinijibu kwa makalio!"

"Basi njoo huku mbele kaka, uongee na uso. Njoo tu. Ila huku kuna oili."

Hakwenda. Erasto ana duka la simu kule Mwanga, anabandika vioo na kuuza makava. Mtu wa vioo hasogei penye oili. Akabaki kwenye maji anapiga kelele, na sisi tulioanika dagaa tukaacha kugeuza dagaa, maana dagaa watakuwepo kesho lakini ugomvi wa watoto wa mzee Dismasi ukikupita haurudiwi.

Ugomvi wenyewe haukuzaliwa asubuhi ile. Boti inaitwa Mvumilivu, na aliyeiacha ni huyo mzee Dismasi, Mungu amrehemu, Muha wa Kasulu aliyeshuka ziwani hajui kuogelea na akafa mzee bado hajui. Injini alikuja nayo kutoka huko milimani. Ilikuwa inasaga mahindi. Mashine ya kusaga ilipokufa, mzee akaona moyo bado mzima, akaufungua, akaushusha kwa lori, akaufunga ndani ya boti. Ni dizeli ya kizamani, silinda moja, ubavuni ina gurudumu la chuma zito kama dhambi, na inawashwa kwa hendeli. Haina betri wala ufunguo. Ukitaka iwake, unainua kijiti cha kuiachia pumzi, unazungusha hendeli kwa nguvu zako zote, gurudumu likishika kasi unakiangusha kijiti, kisha unaondoa mkono haraka. Usipouondoa haraka utawasimulia watu hospitali.

Tunaiita Kikohozi, kwa sababu unaisikia kabla hujaiona. Koh, koh, koh, inakuja taratibu, na kule Mwamgongo ambako barabara haijafika, wakisikia koh, koh, kina mama wanateremka kuchukua sukari na chumvi.

Mzee alikuwa na watoto wa kiume, nao walimkimbia. Erasto akiwa kijana alitumwa kushika tochi, akaiangusha ndani ya maji makusudi ili asitumwe tena. Leonia akabaki. Akafundishwa kwa kutumwa, kama tulivyofundishwa wote: lete spana. Siyo hiyo. Siyo hiyo pia, we mtoto una macho? Mpaka akazijua zote kwa vidole bila kuziangalia. Mzee alikuwa na msemo wake kwamba injini haifi ghafla, inaaga kwanza, ila watu hawaitiki. Leonia akawa mtu wa kuitika. Akisikia mlio umebadilika hata kidogo anaacha kula.

Akaolewa Buzebazeba na Patrick, fundi cherehani. Mume ni fundi wa nguo, mke ni fundi wa grisi, kwa hiyo ndani ya nyumba ile hakuna kitambaa cheupe kilichowahi kuzeeka kikiwa cheupe. Mimi mwenyewe nina suruali ya Patrick yenye alama ya dole gumba la mkewe hapa nyuma. Watu wakiiona wanauliza, nami sijibu.

Na msidhani nawasimulia habari za mwanamke mnyenyekevu. Leonia anajisifu kuliko jogoo wa mjane. Kuna mwaka gasketi ilipasuka, na Kigoma nzima haikuwa na gasketi ya injini ya umri ule. Akazunguka nyumba ya kaka yake akitafuta karatasi ngumu, mwisho akaliona jalada la albamu ya harusi. Akalikata kwa wembe, akatoboa matundu, akapaka grisi, akafunga. Mpaka leo halivuji. Mke wa Erasto alilia siku nzima, na Leonia akamwambia, "Wifi, usilie. Ndoa za watu wengine hazizuii hata vumbi. Ya kwako inazuia oili."

Basi ndiyo maana Erasto na lile chuma hawapendani.

Sasa, ulipoingia ule msimu wa baridi, ule wa upepo mkavu unaoteremka milimani alfajiri, Kikohozi ikapata ugonjwa usioeleweka. Asubuhi inawaka vizuri, inakohoa vizuri, inatoka Kibirizi na abiria wake. Ikifika usawa wa Kalalangabo, sauti inapungua. Koh… koh…… koh. Kimya. Abiria wanatazamana. Wanapiga makasia kurudi. Jua likipanda, ile saa watu wamekasirika mpaka wamechoka, Leonia anaizungusha hendeli na inawaka kama haijawahi kuugua. Mchana inakwenda Mwamgongo na kurudi, haigugumii hata mara moja. Kesho yake alfajiri, usawa wa Kalalangabo, kimya tena.

Alihangaika nayo, msione hivi. Kwanza akasema ni hewa imeingia kwenye paipu. Akalegeza boliti ya juu ya filta, akapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha, akakaza. Kesho yake ikazimika. Akasema ni nozeli. Akaichomoa, akaifunga ikiwa nje, akazungusha gurudumu, ikatema dizeli kama ukungu mzuri kabisa. Akasema pumzi imepungua, ringi za pistoni zimekwisha. Akazungusha gurudumu kwa mkono bila kuinua kijiti, likamrudishia kwa nguvu nusura limvunje kiwiko. Akacheka kwa furaha. "Ringi nzima!" Ringi nzima, na kesho yake ikazimika.

Akachota dizeli ya kwenye tangi, akaitia kwenye chupa ya soda, akaishika juani. Ilikuwa na rangi ya wekundu wekundu.

"Kutu!" akapiga kelele. "Tangi limeoza ndani! Nimekukamata!"

Akalitoa tangi, akatia ndani mnyororo wa baiskeli na changarawe, akalitikisa ufukweni kama anayepepeta mchele, tukasikia makelele siku nzima. Likatakata. Akalijaza tena dizeli kutoka kwenye dumu lake lile lile la njano analonunulia mafuta kila siku. Shikeni hapo kwenye dumu, nitarudi.

Kesho yake ikazimika. Ndiyo asubuhi ile ya Erasto na mikono ya sokwe. Alikuwa amepanda kupeleka simu kwa mteja Mwamgongo.

Na kila mtu pale mwaloni akawa daktari. Wapagazi wakasema ni mkono wa mtu. Mwenye boti ya jirani akasema ni uzee, akasema kwa sauti ya kusikitika huku akiita abiria wa Leonia waje kwake. Mama Marcelina, bibi anayeuza mawese pembeni ya soko la dagaa, akasema, "Itakuwa baridi tu, mwanangu. Hata mimi mifupa yangu haiamki mpaka jua litoke."

"Injini haina mifupa, Mama," Leonia akasema.

"Haya. Mimi nauza mawese tu."

Erasto akaitisha kikao. Boti ni ya urithi, ya watoto wote, na msemaji wa mwisho ni shangazi yao, bibi Yunisi, dada wa marehemu, mwanamke mnene anayekaa kimya mpaka watu wanadhani amelala, halafu anaongea na watu wanatamani angelala. Wakakaa uani kwa Patrick, Buzebazeba. Mimi niliitwa kama jirani wa mwaloni, na kwa sababu ningekuja hata nisingeitwa.

"Shangazi, shikamoo," Erasto akaanza. "Mimi sina maneno mengi."

"Marahaba. Unayo," akasema bibi Yunisi. "Yaseme."

Erasto akasema lile chuma ling'olewe Jumatatu, kuna mtu wa chuma chakavu yuko tayari, na boti ifungwe injini ya petroli, zile nyepesi zinazokaa nyuma, unavuta kamba mara moja unaondoka. Akasema abiria wanahama. Akasema baba alikuwa mtu mzuri lakini hakusema kwenye wosia kwamba tufe naye. Na haki yake nimpe, alisema kweli tupu pale kwenye abiria. Watu walikuwa wanahama. Asubuhi nyingine Leonia aliita "Mwamgongo, Mwamgongo!" mpaka sauti ikakauka, na aliyepanda alikuwa mlevi aliyedhani anakwenda Ujiji.

"Leonia?" akasema shangazi.

Leonia alikuwa amekaa na hendeli mapajani. Alikuwa anatoka nayo mwaloni kila siku ili asije mtu akaichezea injini. Akaisimamisha mbele yake kama fimbo.

"Shangazi, hiyo ya petroli nimeiona. Nzuri. Ina kifuniko kizuri. Ikizimika katikati ya ziwa unavuta kamba, unavuta kamba, halafu unasali. Sijui kuifungua na kaka hajui, ila anajua kuimba 'nilikwambia'." Akamgeukia Erasto. "Lakini siyo hilo. Hilo chuma likitoka, na mimi natoka. Nimekaa pale tangu nina meno ya utoto. Kwenye boti ya petroli mimi ni nani? Abiria. Tena abiria mnene anayelipa nauli kwa kaka yake."

"Mimi sijasema utalipa," Erasto akasema.

"Hujasema bado."

Patrick alikuwa pembeni anashona, akakanyaga cherehani kwa nguvu ili asionekane anacheka.

Bibi Yunisi akafunga macho, sisi tukangoja. Akafungua. "Jumamosi kwaya ya Honorata inakwenda Mwamgongo kwenye jubilei ya padri. Wameshaikodi boti hii, na Honorata hajapata nyingine. Alfajiri mtaondoka. Ikizimika njiani, hata kidogo, Jumatatu inang'olewa na sitaki kusikia kilio. Ikienda na kurudi bila kuzimika, basi atakayeigusa atanigusa mimi."

"Na wote mpande," akasema Leonia. "Wewe Shangazi utakaa juu ya sanduku lake lenyewe. Na kaka utakaa karibu, usije ukasema hukusikia."

Mdomo wake ulikuwa unajua cha kusema. Mkono ulikuwa haujui injini ina nini.

Akaishi na hilo mpaka Ijumaa asubuhi.

Ijumaa hiyo baridi ilikuwa kali, wapagazi wamejifunika mablanketi kama maaskofu. Mama Marcelina alikuwa amefika na madumu yake ya mawese na kuyapanga juu ya mawe, yote yametazama upande jua linakochomoza. Mteja mmoja, mgeni wa mji nadhani, akawa anamharakisha.

"Mama, nimiminie tu niondoke."

"Subiri jua."

"Jua la nini?"

"Mawese yameganda, mwanangu. Nikimimina sasa hivi nusu itabaki imeng'ang'ania chini ya dumu, halafu utaniita mwizi. Yapashe kwanza, yatashuka yenyewe."

Kila mtu wa Kigoma analijua hilo. Mtoto anayetumwa mawese analijua. Leonia alikuwa anapita na spana begani, akasimama. Nilimsalimia, "Mwakeye!" hakuitika. Aliyatazama yale madumu ya njano, yamejipanga yanaota jua. Akatazama boti. Akatazama madumu tena. Kisha akapanda njia ya kwao karibu anakimbia, na Leonia kukimbia nilikuwa sijaona tangu tukiwa shule.

Nikakumbuka kwamba nina suruali yangu kwa Patrick. Ilikuwa haijaisha, najua. Nilikwenda hivyo hivyo.

Nikamkuta Leonia uani anakata dumu la dizeli kwa msumeno. Analikata katikati, kiunoni, kama anayechinja. Lilipoachana akainamisha nusu ya chini kwenye mwanga, na sote watatu, yeye, Patrick na mimi, tukachungulia. Chini mle, kwenye kona zote, palikuwa na utando mwekundu mzito kama mafuta ya kujipaka. Akapitisha kidole, akanusa. Akanipa ninuse. Mawese, yaliyolala kwenye dizeli mpaka yamelewa.

Mambo yalikuwa hivi. Dumu lake la zamani la dizeli lilipasuka baridi ilipoanza. Akaingia jikoni, akakuta dumu zuri la njano, akamimina mawese yaliyokuwemo kwenye sufuria, asubuhi na mapema, bila kulianika. Akalisuuza kwa maji ya ziwa, akaliona safi, akaenda kununua dizeli. Kumbe nusu ya mawese imebaki imeng'ang'ania mle ndani. Kila akitia dizeli, inakwangua kidogo inaondoka nayo. Kwenye tangi mchana yameyeyuka, huyaoni. Usiku yanaganda. Asubuhi injini inawaka na kale kadizeli kalikobaki kwenye paipu, halafu yale mabonge yaliyoganda yanafika kwenye filta, yanaziba, na hapo ndipo Kalalangabo ilipo. Jua likipanda yanayeyuka, filta inafunguka, na fundi akiifungua hakuti kitu. Na ule wekundu aliouita kutu, akalitikisa tangi siku nzima kwa changarawe, haukuwa kutu.

"Mke wangu," akasema Patrick taratibu, "siku ile si nilikuambia lile dumu ni la—"

"Patrick. Shona."

Patrick akashona. Mimi nikapewa jicho moja tu, nikaelewa maana yake, nikaapa kwamba sitamwambia Erasto. Na sijamwambia.

Kutwa nzima ile Leonia alikuwa kwenye boti. Akamwaga dizeli yote. Akaosha tangi kwa maji ya moto, akaliosha tena kwa mafuta ya taa, akalianika. Akafungua paipu moja moja akazipuliza kwa mdomo, akatema, akatukana, akapuliza. Akafunga filta mpya. Akanunua dumu jipya la dukani lenye karatasi yake bado. Ile nusu ya dumu lililokatwa hakuitupa. Leonia hajawahi kutupa kitu tangu azaliwe. Akaifuta kwa tambara, akaiweka chini ya boti iwe ya kukumbia maji yanayovujia ndani.

Jumamosi alfajiri kwaya ikapanda, sare za kijani na makoti ya kuokolea juu yake, wameshikana kwa baridi. Honorata, kiongozi wao, alikuwa na chupa kubwa ya chai ya tangawizi ameipakata kama mtoto mchanga. Bibi Yunisi akasaidiwa na wanaume wanne kukaa juu ya sanduku la injini. Erasto akakaa kando, shati jeupe la jubilei, kasia tayari magotini.

"Kasia la nini kaka?" Leonia akamuuliza.

"Mazoea."

Leonia akainua kijiti, akazungusha hendeli, akakiangusha. Koh! Koh, koh, koh. Tukaondoka. Mimi pia nilikuwa na dagaa wa kupeleka. Msiniulize Mwamgongo wanahitaji dagaa wa Kibirizi wa nini.

Kwaya ikaanza kuimba, lakini kadiri tulivyokaribia Kalalangabo sauti zikapungua moja moja, soprano kwanza, mpaka ikabaki besi moja tu, naye akaona aibu akanyamaza. Boti nzima inasikiliza. Erasto ameanza kutabasamu. Na kweli, usawa wa yale mawe, sauti ikalegea. Koh… koh……

"Aaah!" Erasto akainuka. "Mmesikia? Shangazi umesikia?"

"Kaa chini, haijazimika!" Leonia alikuwa ameshaweka sikio kwenye paipu inayotokeza kando ya sanduku. Palikuwa pamebaki kipande cha mawese mahali, pengine kwenye ile kona ya paipu ambayo hakuna pumzi ya mtu inayoifikia. Akainuka, akamnyang'anya Honorata chupa ya chai, akavua kilemba chake, akakisokota kuzunguka filta, akafungua chupa.

"Dada Leonia! Chai ya kwaya!"

"Mtakunywa kwa padri!"

Akaimimina yote. Mvuke ukapanda, harufu ya tangawizi ikajaa boti nzima, na bibi Yunisi akaruka juu kidogo kwa joto lakini hakuondoka kwenye sanduku. Koh…… Tukangoja. Nilimwona Leonia midomo inachezacheza, sijui anasali, sijui anaitukana. Koh… koh. Koh, koh, koh, koh, koh!

"Yebabawe!" akashangaa yule wa besi.

"Injini gani hii inayokunywa chai?" Erasto akapiga kelele. "Ina nini? Leonia, ina nini?"

"Ilikuwa na kiu!"

Mawe ya Kalalangabo yakapita, yakabaki nyuma, tukayageukia kuyaangalia kama watu waliovuka mpaka. Kwaya ikaanza wimbo upya, na safari hii waliimba kwa hasira ya kukosa chai, wakaimba vizuri kweli.

Tulikwenda jubilei, tukala, tukarudi alasiri jua likichoma. Haikugugumia tena. Boti ilikuwa inavuja kidogo kama boti zote za mbao, na Leonia akamwambia Erasto akumbe maji, kwa kuwa kasia lake halikuwa na kazi. Erasto akakumba, hana jinsi, mbele ya shangazi.

Tulipofika Kibirizi mwalo mzima ulikuwa umesimama kungoja. Bibi Yunisi akateremshwa, akajifuta, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Haikuzimika. Nilikuwa nimeikalia. Mtu asiiguse." Wapagazi wakapiga miluzi. Leonia akapanda juu ya sanduku la injini, mikono kiunoni, akamtazama yule mwenye boti ya jirani mpaka akaangalia pembeni.

"Jumatatu alfajiri, Mwamgongo!" akatangaza. "Anayeogopa baridi aje na blanketi! Anayeogopa injini ya baba yangu akapande mtumbwi!"

Erasto alikuwa bado ndani ya boti, anaangalia shati lake. Kifuani palikuwa na mchirizi mwekundu, na mwingine kwenye mkono, mpaka kiwikoni. Jua la alasiri lilikuwa limefanya kazi yake kwenye zile kona za dumu ambazo tambara halikufika. Akanusa mkono. Akageuza ile nusu ya dumu, akaitazama ndani, akanusa tena. Erasto siyo mjinga, alizaliwa hapa hapa, na mama yake alikuwa anamtuma mawese.

Nikaanza kutafuta dagaa wangu kwa bidii.

"Leonia," akaita. Safari hii hakupiga kelele. "Hili ni dumu la dizeli hili. Mbona lina mawese?"

Mama Marcelina, kule kwenye mawe yake, akageuza kichwa.

"Leonia, nakuuliza. Wiki zote hizi tumepiga makasia. Nani alitia dizeli kwenye dumu la mawese?"

Leonia akateremka kutoka kwenye sanduku. Akachomoa hendeli, akaifuta kwa kile kilemba chenye harufu ya tangawizi, akaiweka begani. Akaruka ndani ya maji, akapita katikati ya kwaya, akapita mbele ya madumu ya Mama Marcelina bila kuyatazama, akashika njia ya Buzebazeba.

"Leonia! Dumu la nani hili? Leonia!"

Tuliiona ile hendeli inapanda kilima, inang'aa, inayumba kidogo kila anapokanyaga, mpaka ikapita nyuma ya nyumba za juu.